Maneno ya kila siku ya Kijapani

Maneno ya kila siku ya Kijapani ni maneno na mafungu ya maneno ambayo wasemaji wa lugha ya Kijapani huyatumia katika kuamkiana, kushukuru, kuomba radhi, kula, kufanya kazi na kuagana. Mengi kati yake ni semi zilizokwisha kuzoeleka ambazo msemaji hazibadilishi, na kwa Kijapani huitwa *aisatsu* (挨拶). Neno hilo kwa kawaida hutafsiriwa kuwa "salamu", lakini lina maana pana zaidi. Linahusu pia maneno ya kuanza kula, ya kutoka nyumbani, ya kurudi, na ya kuwaaga wenzako kazini.

Maana ya semi hizi haipatikani katika kamusi peke yake. Neno moja kama *sumimasen* laweza kuwa ombi la radhi, shukrani, au njia ya kumwita mhudumu wa mkahawa. Neno *hai*, linalofundishwa kuwa "ndiyo", mara nyingi humaanisha "nakusikia" tu. Ili kuelewa ni lazima kujua ni nani anayesema, anamwambia nani, na katika nafasi gani. Msemaji wa Kiswahili ana pa kuanzia, kwa sababu maneno kama shikamoo, hodi na pole nayo hayaelezeki kwa kutafsiri neno kwa neno.

Mwandiko na matamshi

Kijapani huandikwa kwa kuchanganya mifumo mitatu: *hiragana* na *katakana*, ambamo kila alama husimamia silabi, na *kanji*, alama zenye asili ya Kichina ambazo hubeba maana. Kijapani kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, mwandiko huo huitwa *rōmaji*, nao ndio unaotumiwa katika makala hii.

Vokali ni tano, a, i, u, e na o, na hutamkwa karibu sawa na za Kiswahili. Silabi nyingi huishia kwa vokali, jambo linalomrahisishia kazi msemaji wa Kiswahili. Ugumu uko katika urefu wa vokali, kwa kuwa urefu hubadilisha maana. Mstari juu ya herufi (ā, ō, ū) huonyesha kwamba vokali inavutwa. *Obasan* ni shangazi au mwanamke wa makamo, lakini *obāsan* ni bibi. Anayevuta vokali hiyo mbele ya mama wa rafiki yake amemzeesha bila kukusudia. Tena, vokali u katika *desu* na *-masu* haisikiki sana; *desu* husikika kama "des".

Maamkizi na kuagana

*Ohayō gozaimasu* ("habari za asubuhi") limetokana na neno *hayai*, yaani "mapema". Kwa hiyo msingi wake ni kumtambua mwenzako kwamba ameamka mapema. Kwa rafiki au mdogo husemwa *ohayō* peke yake. Katika sehemu nyingi za kazi za zamu, watu huambiana *ohayō gozaimasu* wanapokutana mara ya kwanza hata kama ni jioni, kwa sababu ndipo siku yao ya kazi inapoanza.

*Konnichiwa* husemwa mchana na *konbanwa* jioni. Yote mawili ni sentensi zilizokatwa: "Siku ya leo…" na "Jioni hii…". Zamani sentensi iliendelea kwa kutaja hali ya hewa au kumwulizia mtu hali yake. Siku hizi mwanzo tu ndio uliobaki. Watu wa nyumba moja hawaambiani *konnichiwa*, ingawa huambiana *ohayō* kila asubuhi.

Kiswahili huulizia habari za nyumbani, za kazi na za watoto kila watu wanapokutana. Kijapani hakifanyi hivyo. *O-genki desu ka?* ("U mzima?") huulizwa zaidi mtu ambaye hamjaonana kwa muda. Kwa jirani wa kila siku hutosha kusema jambo juu ya hali ya hewa, kama *Ii tenki desu ne* ("Hali ya hewa ni nzuri, sivyo?"), naye hukubali. Majirani pia huulizana *O-dekake desu ka?* ("Unatoka?"). Anayeuliza hana haja ya kujua safari yenyewe. Jibu la kawaida ni *Chotto soko made*, "Nafika hapo tu", hata kama mtu anakwenda mbali.

*Sayōnara* ni neno la kuagana linalojulikana sana nje ya Japani, lakini halitumiwi hovyo. Asili yake ni "ikiwa ni hivyo, basi", karibu na "haya basi" ya Kiswahili. Wanafunzi humwambia mwalimu mwisho wa masomo, lakini kati ya watu wazima laweza kusikika kama kuagana kwa muda mrefu au kwa daima. Marafiki husema *jā ne* ("haya basi") au *mata ashita* ("tutaonana kesho"). Kabla ya kulala husemwa *oyasumi nasai*, "pumzika".

Nyumbani na mezani

Kutoka nyumbani na kurudi kuna maneno yanayokwenda jozi jozi, kama shikamoo na marahaba:

- Anayetoka husema *ittekimasu* ("nakwenda, nitarudi"). Anayebaki hujibu *itterasshai* ("nenda urudi").
- Anayerudi husema *tadaima* ("sasa hivi", yaani "sasa hivi nimerudi"). Aliyekuwapo hujibu *okaeri nasai* ("umerudi, karibu").

Mgeni anayefika mlangoni aweza kuita *gomen kudasai*. Maneno yenyewe ni "nisameheni", lakini kazi yake ni ile ya hodi. Mwenyeji humwambia *o-agari kudasai*, "panda juu", hata kama nyumba haina ghorofa. Sababu ni kwamba sakafu ya nyumba ya Kijapani huinuliwa kidogo kuliko *genkan*, sehemu ya mlangoni ambapo viatu huvuliwa. Mgeni akipanda husema *ojama shimasu*, "nakuja kuwasumbua".

Kabla ya kula kila mtu husema *itadakimasu*, hata anayekula peke yake. Neno hili si la kukaribisha wengine chakula, wala si lazima liwe sala. Limetoka katika kitenzi *itadaku*, ambacho maana yake ya kale ni kuweka kitu juu ya kichwa, na baadaye kupokea kwa unyenyekevu kitu kutoka kwa aliye juu yako. Wajapani wengi hulieleza kuwa ni shukrani kwa waliolima, waliovua na waliopika, pamoja na viumbe waliotoa uhai wao ili mtu ale.

Baada ya kula husemwa *gochisōsama deshita*. Ndani yake mna neno *chisō* (馳走), ambalo kanji zake humaanisha kukimbia huku na huko: ni kumshukuru mwenyeji kwa jinsi alivyohangaika kumwandalia mgeni. Mteja huweza kulisema pia anapotoka mkahawani.

Kushukuru na kuomba radhi

*Arigatō* limetokana na *arigatai*, lenye maana ya "jambo lisilo rahisi kuwapo", yaani la nadra na kwa hiyo la thamani. Husemwa mara kwa mara kwamba neno hili lilitokana na *obrigado* la Kireno. Si kweli: *arigatashi*, umbo la kale la neno hilo, lilikuwapo katika Kijapani karne nyingi kabla Wareno hawajafika Japani mwaka 1543. Kwa mkubwa au mtu usiyemjua husemwa *arigatō gozaimasu*.

*Sumimasen* ndilo neno linalowatatiza wageni zaidi. Kiini chake ni "haijaisha": moyo wa msemaji haujatulia kwa sababu ana deni kwa mwenzake. Ndiyo maana linafaa kwa mambo matatu:

- Kuomba radhi kwa kosa dogo, kama kumkanyaga mtu kwenye treni.
- Kumwita mtu au kuomba nafasi, kama "samahani" ya Kiswahili.
- Kushukuru, pale ambapo mwenzako amejisumbua kwa ajili yako, kwa mfano amekuokotea kofia au amekuachia kiti.

Katika matumizi ya tatu msemaji anaangalia usumbufu aliousababisha kuliko faida aliyoipata. Mgeni anayedhani Wajapani wanaomba radhi bila sababu hajaona kwamba hapo wanashukuru.

Ombi la radhi lina ngazi. *Gomen* ni la marafiki na watu wa nyumbani. *Gomen nasai* lina adabu zaidi. *Mōshiwake arimasen*, "sina la kujitetea", ndilo linalofaa kazini mtu anapokosea mbele ya mteja au mkubwa wake. Kuchagua neno la ngazi ya chini kwa kosa kubwa huonekana kama kutojali kosa lenyewe.

Kazini

*Otsukaresama desu* hutokana na neno la "kuchoka" na hulingana kwa karibu na "pole na kazi". Wafanyakazi huambiana wanapopishana, wanapopigiana simu na wanapoagana. Lipo neno jingine, *gokurōsama*, lenye maana kama hiyo, lakini kwa desturi ya sasa hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mfanyakazi mpya akimwambia meneja wake *gokurōsama*, ni kama kijana kumwambia mzee marahaba.

Anayeondoka kabla ya wenzake husema *o-saki ni shitsurei shimasu*, "niwieni radhi kwa kutangulia".

*Yoroshiku onegai shimasu* halina tafsiri moja. Maneno yake ni "nakuomba unitendee vema". Husemwa watu wanapojuana mara ya kwanza, mtu anapotoa ombi, kazi ya pamoja inapoanza na mwisho wa barua. Kila mara linamkabidhi mwenzako uhusiano utakaofuata: kwa anayejulishwa ni "nafurahi kukufahamu", kwa anayeachiwa kazi ni "nategemea msaada wako".

*Ganbatte* ("jikaze", "jitahidi") huambiwa mwanafunzi kabla ya mtihani au mchezaji kabla ya mechi. Kwa mgonjwa au mfiwa lahitaji uangalifu, kwa sababu laweza kusikika kana kwamba mtu huyo hajajitahidi vya kutosha. Mgonjwa huambiwa *odaiji ni* ("jitunze"), na mfiwa *goshūshōsama desu*. Hapa msemaji wa Kiswahili hana budi kuwa macho: neno lake moja, pole, limegawanyika katika Kijapani kwa mchovu, mgonjwa na mfiwa, na la mmoja halimfai mwingine.

Kukubali na kukataa

*Hai* ni "ndiyo" na *iie* ni "hapana", lakini katika mazungumzo *hai* husemwa mara kwa mara kuonyesha kwamba msikilizaji anafuatilia. Mfanyabiashara mgeni aliyesikia *hai* kumi katika kikao aweza kudhani amekubaliwa mara kumi, ilhali amesikilizwa tu.

Katika maswali ya kukanusha, Kijapani na Kiswahili huenda pamoja. Mtu akiulizwa *Tabemasen deshita ka?* ("Hukula?") naye hakula, hujibu *Hai, tabemasen deshita* ("Ndiyo, sikula"). Wasemaji wa Kiingereza hukosea sana hapa.

Kukataa waziwazi huepukwa. *Chotto* ni "kidogo", lakini mtu akialikwa Jumamosi akajibu *Doyōbi wa chotto…* ("Jumamosi, kidogo…") kisha akanyamaza, amekataa, na si adabu kumwuliza sababu. *Kangaete okimasu* ("nitalifikiria") na *muzukashii desu* ("ni vigumu") mara nyingi nayo ni hapana, kama "tutaona" ya Kiswahili.

Maneno mengine hugeuka kabisa kufuatana na mahali. *Kekkō desu* laweza kuwa "ni vizuri sana" au "inatosha, sihitaji". *Daijōbu desu* ni "hakuna shida", lakini pia ni njia ya kukataa. Tangu Julai 2020 maduka ya Japani hutoza fedha kwa mifuko ya plastiki, hivyo mteja huulizwa kama anataka mfuko. Akijibu *daijōbu desu*, maana yake ni "hapana, asante". Mkono unaotikiswa au kichwa kinachoinamishwa husaidia kujua ni maana ipi.

Mfano wa hatari ya maneno yenye maana zaidi ya moja umo katika historia. Tarehe 26 Julai 1945 Tamko la Potsdam liliitaka Japani isalimu amri. Tarehe 28 Julai Waziri Mkuu Suzuki Kantarō aliwaambia waandishi wa habari kwamba serikali yake ingelichukulia kwa *mokusatsu*. Kanji za neno hilo ni "kunyamaza" na "kuua". Laweza kumaanisha kulidharau jambo, na pia kulinyamazia bila kutoa maoni. Nje ya Japani lilieleweka kuwa Japani imepuuza na kukataa. Mabomu ya atomiki yalidondoshwa Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9 Agosti. Wanahistoria hawakubaliani kama tafsiri nyingine ingebadilisha lolote, lakini neno hilo hutajwa hadi leo katika mafunzo ya wakalimani.

Heshima na kuitana

Jina la mtu hufuatwa na kiambishi. *-san* hutumiwa kwa wanaume na wanawake. *-Sama* ni la heshima zaidi, kama kwa wateja. *-Kun* hutumiwa zaidi kwa wavulana na vijana wa kiume. *-Chan* ni la watoto wadogo na la mapenzi. *Sensei* huitwa walimu, madaktari, wanasheria na waandishi. Mtu hajiongezei *-san* katika jina lake mwenyewe.

Neno *anata* hufundishwa kuwa "wewe", lakini kumwambia mkubwa *anata* ni kumkosea adabu. Huitwa kwa jina au kwa cheo chake, kama Waswahili wanavyosema "Mwalimu amekula?" badala ya "Umekula?"

Kijapani hutofautisha pia *uchi* (ndani, watu wa upande wangu) na *soto* (nje). Mama wa msemaji, akitajwa kwa mtu wa nje, ni *haha*. Mama wa mwenzake ni *okāsan*. Karani anayempigia meneja wake kelele za heshima kutwa nzima kwa kumwita Tanaka-san, akipokea simu ya mteja humtaja kuwa Tanaka tu, bila *-san*, kwa sababu mbele ya mtu wa nje meneja ni mtu wa ndani.

Maneno ya hatari

Japani hupatwa mara kwa mara na matetemeko ya ardhi, na kuelewa neno kwa wakati kwaweza kuokoa maisha. Baada ya tetemeko lililoupiga mji wa Kobe na jirani zake tarehe 17 Januari 1995 ilionekana kwamba wageni wengi hawakuelewa matangazo, kwa kuwa yalitumia maneno ya kitaalamu kama *hinan* (kuhamia mahali salama). Hapo ndipo ilipoanza juhudi ya *yasashii nihongo*, yaani "Kijapani rahisi", ambamo *hinan* hubadilishwa kuwa *nigete*. Tetemeko lilipotokea katika rasi ya Noto tarehe 1 Januari 2024, televisheni ya NHK ilionyesha maneno mafupi kwa hiragana: *Tsunami! Nigete!*

Maneno yanayofaa kujulikana na kila mgeni ni haya:

- *Jishin*: tetemeko la ardhi
- *Tsunami*: mawimbi makubwa yaletwayo na tetemeko (*tsu* bandari, *nami* wimbi)
- *Nigete!*: kimbia!
- *Abunai!*: hatari!
- *Tasukete!*: nisaidie!
- *Kaji*: moto unaounguza nyumba
- *Itai*: inauma

Maneno ya Kijapani Afrika ya Mashariki

Neno *mottainai* lilivuma duniani kwa msaada wa Mkenya. Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizuru Japani Februari 2005 akajifunza neno hilo. Husemwa pale kitu chenye thamani kinapopotezwa bure, kama chakula kinachotupwa au bomba la maji lililoachwa wazi. Maathai alilipenda kwa sababu lilikusanya katika neno moja kupunguza taka, kutumia tena na kurejeleza, pamoja na heshima kwa kilichopo, na tangu hapo alilieneza katika mikutano ya kimataifa.

*Kaizen* ("kuboresha") limeingia katika viwanda na hospitali za Afrika ya Mashariki kupitia miradi ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. *Karate* ni "mkono mtupu" (*kara* tupu, *te* mkono), na *kara* hiyohiyo imo katika *karaoke*, "okestra tupu", yaani muziki usio na mwimbaji.

Wengine husikia Kijapani kila siku bila kukijua. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani husema yanapowashwa: *ETC kādo ga sōnyū sarete imasen*. Si salamu wala onyo la hitilafu ya injini. Maana yake ni "kadi ya ETC haijaingizwa", na ETC ni mfumo wa kulipia barabara za Japani bila kusimama. Nje ya Japani kadi hiyo haina kazi, na dereva hana la kuhofu.